Chanda Chema na Pete Yake: Orodha za Ubora na Udahili wa Wanafunzi, Kithyoko na Kwingineko

Ikisiri

Makala hii inachunguza jinsi orodha za ubora wa shule na vyuo zinavyoathiri udahili wa wanafunzi. Hoja yetu kuu ni kwamba orodha nyingi hupima aina ya wanafunzi waliopokewa langoni kuliko kazi iliyofanywa na walimu darasani. Kisha orodha hizo hizo huamua ni nani atakayepokewa langoni mwaka unaofuata. Mifano yetu imetoka Kenya, tukianzia Kithyoko katika Kaunti ya Machakos, na imelinganishwa na hali ya vyuo vya kihistoria vya Wamarekani Weusi. Mwishoni tunapendekeza kipimo kilicho cha haki zaidi, na kueleza nafasi ya mwalimu wa Kiswahili katika jambo hili.

1.0 Utangulizi

Kithyoko ni soko lililoko kando ya barabara kuu itokayo Thika kuelekea Garissa, katika eneo la Masinga, Kaunti ya Machakos. Hiyo ni nchi kame ya Ukambani, ambako mvua ikikosa msimu mmoja mzazi hulazimika kuuza mbuzi ili mtoto arudi shuleni. Watoto wengi wa huko husoma katika shule za sekondari za kutwa zilizo karibu na nyumbani, zile ambazo kwa mpango wa serikali ziliitwa kwanza shule za wilaya na baadaye shule za kaunti ndogo.

Katika muhula wa pili wa mwaka 2024, mwandishi wa makala hii alikuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya aina hiyo, si mbali na Kithyoko. Darasa la kidato cha kwanza lilipewa insha yenye mada 'Jinsi Nilivyojiunga na Shule Hii'. Katika kuzisahihisha, kitenzi kimoja kilijitokeza katika insha baada ya insha: kubaki. Wenzao walichaguliwa, wao walibaki. Binti mmoja alipoulizwa kwa nini hakuandika kwamba alichaguliwa kujiunga na shule ile, ilhali barua ya uteuzi alikuwa nayo, alijibu kwa utulivu, "Mwalimu, waliochaguliwa walienda. Sisi tulibaki huku."

Kisarufi, sentensi hiyo haina kosa, na kalamu nyekundu haikupata mahali pa kutua. Hata hivyo mwanafunzi huyo alikuwa ameyasema mengi kuhusu mfumo mzima wa elimu kuliko alivyodhani. Makala hii ni jaribio la kuichambua sentensi yake.

2.0 Istilahi na lugha ya matokeo

Kabla ya kuendelea, inafaa tutenganishe maneno matatu ambayo aghalabu huchanganywa. Uteuzi ni kitendo cha mamlaka kumchagua mwanafunzi miongoni mwa wengi na kumpangia shule. Udahili ni kitendo cha chuo au shule kumkubali na kumpokea mwanafunzi awe wake. Neno hili limezoeleka zaidi Tanzania, ingawa sasa linatumika pia katika vyuo vikuu vya Kenya. Orodha ya ubora ni mpangilio wa shule au vyuo kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho kwa kufuata kipimo fulani. Mkazo uwe juu ya maneno 'kipimo fulani', kwa kuwa orodha bila kipimo haipo, na kila kipimo kina mtu aliyekichagua.

Aidha, tuangalie msamiati wa vyombo vyetu vya habari wakati matokeo yanapotangazwa. Shule fulani 'zimetia fora', 'zimetamba', 'zimeng'ara', 'zimewabwaga wapinzani'. Nyingine 'zimevuta mkia'. Msamiati huu umetoka uwanjani, kwenye michezo na mapambano. Katika mbio, wakimbiaji wote huanzia mstari mmoja, na hivyo atanguliaye ana haki ya kusifiwa. Tatizo ni kwamba shule hazianzii mstari mmoja. Lugha inapoazima istiari ya mbio, inaazima pamoja nayo dhana ya mstari mmoja wa kuanzia, na msomaji huimeza dhana hiyo bila kuihoji.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Methali hii hutumiwa kusifu tuzo kwa anayestahili. Swali la makala yetu ni hili: je, pete inavikwa kwa kuwa chanda ni chema, au chanda kinaonekana chema kwa kuwa kimevikwa pete?

3.0 Orodha na uteuzi nchini Kenya

3.1 Ngazi za shule

Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985. Mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka huo, na ule wa KCSE wa kumaliza sekondari mwaka 1989. Alama za KCPE, ambazo kwa miaka mingi ya mwisho zilikuwa 500 kwa jumla, ndizo zilizotumiwa kuwateua wanafunzi wa kidato cha kwanza. Uteuzi ulikwenda kwa ngazi: shule za kitaifa zilitangulia kuwachukua waliopata alama za juu kabisa, zikafuatwa na zile za mkoa, kisha za wilaya. Kwa muda mrefu shule za kitaifa zilikuwa 18 tu. Kuanzia mwaka 2011 nyingine nyingi zilipandishwa hadhi hata idadi ikapita 100.

Msomaji ataona mara moja mzunguko uliojengeka. Shule iliyoteua kwanza ilipata wanafunzi waliokwisha kufaulu. Baada ya miaka minne wanafunzi hao walifaulu tena, shule ikaongoza katika orodha, na wanafunzi bora wa mwaka uliofuata wakaiomba shule hiyo hiyo. Upande wa pili, shule ya kutwa iliyopokea waliosalia iliorodheshwa chini, na kila mzazi aliyekuwa na uwezo akamwepusha mwanawe nayo. Maji hufuata mkondo. Orodha ikauchimba mkondo huo ukazidi kina mwaka baada ya mwaka.

3.2 Mgogoro wa mwaka 2011

Mzunguko huo ulianza mapema zaidi, katika shule za msingi. Elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka 2003, watoto wengi sana walijiunga na shule za umma, na wazazi wengi wenye uwezo wakawahamishia wana wao katika shule za kibinafsi. Shule hizo zikatawala orodha za KCPE, na hivyo zikapata sehemu kubwa ya nafasi za shule za kitaifa kupita idadi ya watahiniwa wao.

Mwaka 2011 Wizara ya Elimu iliamua kugawa nafasi hizo kati ya shule za umma na za kibinafsi kwa kuzingatia idadi ya watahiniwa wa kila upande. Kesi ilipelekwa Mahakama Kuu jijini Nairobi kupinga utaratibu huo kwa madai kwamba uliwabagua watoto wa shule za kibinafsi. Mahakama haikukubaliana na walalamishi. Kwa mintarafu ya makala hii, umuhimu wa kesi hiyo ni kwamba swali la orodha lilifikishwa mbele ya sheria: je, alama zinazolingana zina maana moja ikiwa mmoja alizipata katika darasa la watoto 25 na mwingine katika darasa la watoto 80? Anayejibu kwamba maana ni moja anaitetea orodha. Anayejibu kwamba si moja hana budi kutafuta kipimo kingine.

3.3 Kuondolewa kwa orodha

Mwaka 2014 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Jacob Kaimenyi, aliondoa utaratibu wa serikali wa kupanga shule na watahiniwa kwa nafasi. Katika nchi jirani ya Tanzania, Baraza la Mitihani (NECTA) lilichukua hatua kama hiyo mwezi wa Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022 bila orodha ya shule kumi bora wala ya zile za mwisho zilizozoeleka.

Sababu za kuondoa orodha zilikuwa na uzito. Walimu wa muda mrefu wanazijua mbinu za kulinda wastani wa shule: mwanafunzi dhaifu hulazimishwa kukariri darasa, au huandikishwa mtihani katika kituo kingine, au hushauriwa kuhama kabla ya kidato cha nne. Mbinu zote hizi huongeza wastani bila mtoto hata mmoja kuongezewa elimu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Mbinu mbaya kuliko zote ni wizi wa mitihani. Katika matokeo ya KCSE ya mwaka 2015, watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata gredi ya A. Mwaka uliofuata, chini ya Waziri Fred Matiang'i, ulinzi wa karatasi za mtihani uliimarishwa, na waliopata A wakawa 141 nchini kote. Wataalamu wamebishana kuhusu sababu zote za anguko hilo, usahihishaji ukiwa mojawapo. Lakini haiwezekani kuzitazama tarakimu hizo mbili bila kujiuliza ni ubora gani hasa orodha za miaka ya nyuma zilikuwa zikiupanga.

3.4 Orodha ilirudi kwa mlango mwingine

Pamoja na hayo, kuondolewa kwa orodha ya serikali hakukuiondoa orodha. Magazeti yalitunga yake kwa kukusanya matokeo ya shule moja moja. Wamiliki wa shule walichapisha mabango yenye picha za watahiniwa na alama zao. Isitoshe, ngazi zenyewe za shule zilibaki, na ngazi ni orodha fupi.

Hali hii inaendelea katika mfumo mpya. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na kundi la mwisho la kidato cha kwanza likaanza mwezi wa Januari 2024. Hilo ndilo kundi la binti wa Kithyoko. Mwezi wa Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walijiunga na Gredi ya 10 katika sekondari pevu. Shule hizo zimepangwa katika makundi manne, C1 hadi C4, na makundi hayo yanafuata kwa karibu ngazi za zamani: zilizokuwa za kitaifa zimo katika C1, na za kutwa za kaunti ndogo zimo katika C4. Majina yamebadilika. Mtoto aliyepangiwa C4 hahitaji gazeti kumweleza mahali alipo.

4.0 Mfano wa vyuo vya kihistoria vya Wamarekani Weusi

4.1 Uhusiano wao na Kenya

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini tuvuke bahari kutafuta mfano. Sababu ya kwanza ni kwamba elimu ya Kenya na vyuo hivyo vimejuana kwa karne nzima. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilikuwa na James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast aliyefundisha katika chuo cha Livingstone huko North Carolina, ambacho ni kimojawapo cha vyuo hivyo. Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete kwa kuiga mpango wa walimu wa shule za mashambani za Weusi kusini mwa Marekani. Peter Mbiyu Koinange alikwenda kusoma Hampton, Virginia, mwaka 1927. Aliporejea aliongoza chuo cha ualimu cha Githunguri kilichoanzishwa mwaka 1939. Naye Thurgood Marshall, aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1933, alikuwa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House mwaka 1960, na akatayarisha rasimu ya haki za msingi.

Marshall alizaliwa Baltimore, katika jimbo la Maryland. Shule ya sheria ya chuo kikuu cha jimbo lake haikuwapokea Weusi alipokuwa akitafuta masomo. Howard ilimpokea, na Howard ikamtoa wakili ambaye baadaye akawa jaji wa kwanza Mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

4.2 Orodha inavyovipima

Sheria ya Marekani ya mwaka 1965 inavitambua kuwa vyuo vya kihistoria vya Weusi vile vilivyoanzishwa kabla ya mwaka 1964 kwa lengo kuu la kuwaelimisha Wamarekani Weusi. Leo vinakaribia 100. Hampton, Howard, Morehouse na Spelman ni miongoni mwa vinavyojulikana zaidi.

Jarida la U.S. News & World Report lilianza kuvipanga vyuo vya Marekani mwaka 1983. Vigezo vyake vimebadilika mara nyingi, lakini kwa miaka mingi vilijumuisha sifa ya chuo machoni pa wakuu wa vyuo vingine, alama za mitihani za wanaoingia, fedha zinazotumiwa kwa kila mwanafunzi, na idadi ya wanaohitimu kati ya walioanza. Tuvitazame vigezo hivyo kwa jicho la chuo kinachopokea watoto wa maskini. Sifa machoni pa wengine hurithiwa, na chuo kilichotengwa kwa karne moja hakikuirithi. Alama za kuingilia hufuata shule alikotoka mtoto. Fedha hufuata utajiri wa wafadhili. Kuhitimu nako hutegemea sana karo: mwanafunzi anayekosa fedha mwaka wa tatu huacha masomo hata akiwa hodari.

Kigezo kimoja kinastahili kutajwa peke yake. Hadi mwaka 2018 jarida hilo lilihesabu pia idadi ya waombaji waliokataliwa: chuo kilichokataa wengi kilijipatia nyongeza, ingawa ndogo. Vyuo vya Weusi vilianzishwa kwa sababu vyuo vingine viliwakataa watu wao. Kwa kipimo hicho, kila walipofungua lango zaidi walionekana duni zaidi.

Kuanzia mwaka 2007 jarida hilo limekuwa likitoa pia orodha ya pekee ya vyuo vya Weusi, ambamo Spelman na Howard vimekuwa vikitajwa juu kabisa. Kwa upande mmoja, orodha hiyo huvipa vyuo hivyo nafasi ya kuonekana na kulinganishwa na vyuo vyenye historia inayofanana na yao. Kwa upande mwingine, inaufanya mkondo ule ule uchimbwe ndani ya kundi dogo: waombaji huelekea kwenye majina machache ya juu, na chuo kidogo cha mashambani kinachopokea mtoto asiye na pa kwenda hubaki mkiani mwa orodha iliyokusudiwa kukitetea.

4.3 Kipimo kikibadilika, ubora hubadilika

Matukio mawili ya karibuni yanaonyesha udhaifu wa orodha. Mwaka 2022 profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Columbia, Michael Thaddeus, alionyesha kwamba baadhi ya takwimu ambazo chuo chake kilipeleka kwa jarida hazikuwa sahihi. Columbia, iliyokuwa imeorodheshwa ya pili, ikashuka hadi nafasi ya 18. Mwaka 2023 jarida liliondoa vigezo kama ukubwa wa madarasa na michango ya wahitimu wa zamani, na likaongeza uzito wa mafanikio ya wanafunzi wa familia maskini. Vyuo kadhaa vya umma vikapanda ghafla. Walimu, vitabu na madarasa yao yalikuwa yale yale ya mwaka uliotangulia.

Hapa nyumbani nasi tuna la kujifunza. Orodha ya Webometrics, inayotolewa na watafiti wa Uhispania tangu mwaka 2004, hupima hasa kuonekana kwa chuo katika intaneti. Hilo ni jambo la maana kwa mtafiti. Lakini mtahiniwa wa Masinga anayechagua kozi kupitia shirika la udahili la KUCCPS, akipima kati ya Chuo Kikuu cha Machakos, kile cha South Eastern Kenya kilichoko Kitui na vile vya Nairobi, anaposikia kwamba chuo fulani ni 'cha tatu nchini', haelezwi kwamba kilichopimwa ni tovuti na machapisho, wala si ufundishaji wa ualimu wa Kiswahili.

5.0 Kipimo mbadala: tofauti ya kuingia na kutoka

Baada ya kukosoa, ni wajibu wetu kupendekeza. Kipimo kilicho cha haki zaidi ni kile kinacholinganisha mwanafunzi alivyoingia na alivyotoka. Tuchukue mfano wa kubuni wa shule mbili.

Shule ya Kwanza ilipokea wanafunzi wenye wastani wa alama 400 za KCPE, na baada ya miaka minne ikapata wastani wa 9.0 katika KCSE, ambapo A ni pointi 12 na E ni pointi 1. Shule ya Pili ilipokea wanafunzi wenye wastani wa alama 230, ikapata wastani wa 5.0. Orodha ya kawaida itatangaza kwamba Shule ya Kwanza imetia fora na ya Pili imevuta mkia.

Sasa tuseme kwamba nchini kote, wanafunzi wanaoingia na alama 400 hupata kwa kawaida wastani wa 9.5, na wanaoingia na alama 230 hupata wastani wa 4.0. Kwa kipimo hiki Shule ya Kwanza imepunguza nusu pointi kwa kila mwanafunzi, na Shule ya Pili imeongeza pointi nzima. Kama kuna mahali pa kwenda kujifunza ufundishaji, ni katika Shule ya Pili. Shule zenye mabweni na maabara haziwi mbaya kwa sababu hiyo. Nyingi huenda zikaongoza kwa kipimo hiki pia. Tofauti ni kwamba zitakuwa zimesifiwa kwa kazi zilizoifanya.

Kipimo hiki nacho kina kasoro zake. Kwanza, shule ndogo hubadilika sana: katika darasa la wanafunzi 40, mtahiniwa mmoja akipata pointi 10 badala ya 2, wastani hupanda kwa 0.2, ilhali katika darasa la wanafunzi 400 hupanda kwa 0.02 tu. Kwa hiyo yafaa kutumia matokeo ya miaka mitatu au zaidi kwa pamoja. Pili, mwanafunzi aliyeingia juu kabisa hana nafasi kubwa ya kupanda. Tatu, wanaohama katikati huvuruga hesabu. Nne, mtihani haupimi uadilifu, ubunifu wala uwezo wa kuishi na watu. Hata hivyo, kasoro hizi ni ndogo kuliko ile ya kumsifu mpokeaji kwa kazi ya aliyemtangulia.

6.0 Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba mzazi ana haki ya kujua shule inavyofanya, na kwamba kuficha matokeo hulinda uzembe. Pingamizi hili ni la haki. Katika sehemu nyingi kame, orodha ndiyo iliyowapa wazazi hoja ya kudai walimu: shule iliyokuwa ya mwisho miaka mitano mfululizo ilikuwa ushahidi kwamba serikali imeisahau. Giza halijawahi kumsaidia mnyonge.

Jibu letu ni kwamba matokeo yasifichwe, yatolewe kamili. Yatolewe pamoja na alama za kuingilia, idadi ya walimu walioajiriwa, na idadi ya walioanza lakini hawakumaliza. Serikali imekuwa ikichangia karo ya kila mwanafunzi wa shule ya kutwa tangu mwaka 2008, kwanza kwa shilingi 10,265 kwa mwaka na baadaye, tangu 2018, kwa shilingi 22,244. Mlipa kodi anastahili kujua fedha hizo zimemwongezea mtoto nini. Orodha ya wastani peke yake haimwelezi.

Wengine watasema kwamba watoto hodari wa Kithyoko huchaguliwa kwenda shule kubwa, na hilo ni jambo jema kwao. Ni kweli, na hakuna anayewaonea kijicho. Lakini mfumo wa elimu hauwezi kuhukumiwa kwa wanaoondoka tu. Wengi ni wale wanaosalia, na hao ndio watakaokuwa walimu, wauguzi, wakulima na wafanyabiashara wa barabara ile ya Garissa.

7.0 Wajibu wa mwalimu wa Kiswahili

Wengi wetu katika chama hiki tutaajiriwa katika shule za kutwa za aina tuliyoieleza. Tufanye nini?

Kwanza, tuwe waangalifu na lugha. Mwalimu anayeingia darasani na kuwaambia wanafunzi kwamba 'shule yetu huvuta mkia' ametia muhuri kwenye orodha. Tunapofundisha istiari na msamiati wa magazeti, tuwaongoze wanafunzi waulize: mbio hizi zilianzia wapi, na nani alichora mstari?

Pili, kila mwanachama anayekwenda mazoezini aweke daftari la darasa lake: alama za kuingilia, alama za muhula wa kwanza wa Kiswahili, na maendeleo ya kila mmoja. Hatuna haja ya kungoja wizara ili tujue kama tunafundisha.

Tatu, tuwashauri watahiniwa wetu kuhusu vyuo kwa kuwauliza maswali ya msingi. Kozi hii ina wahadhiri wangapi? Wangapi huhitimu kati ya walioanza? Karo na malazi yatalipwaje? Nafasi ya chuo katika orodha iwe swali la mwisho, na ikiulizwa, iulizwe pamoja na kipimo chake.

8.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba orodha za ubora, ziwe za shule za Kenya au za vyuo vya Marekani, hupima kwa kiasi kikubwa kile ambacho wanafunzi walikuja nacho; kwamba huathiri udahili kwa kuwaelekeza wenye uwezo kule kule walikokwenda wenzao; na kwamba taasisi zinazowapokea walioachwa na wengine ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu ya kutekeleza kazi iliyozileta duniani. Tumependekeza matokeo yatolewe kwa safu mbili, ya kuingia na ya kutoka.

Darasa lile la Kithyoko litafanya KCSE mwaka 2027, likiwa miongoni mwa madarasa ya mwisho kabisa ya mtihani huo. Wastani wao utatangazwa, na yamkini hautafika kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti lolote. Insha ya binti yule ilirudishwa kwake bila alama nyekundu chini ya kitenzi kubaki, kwa kuwa hakukosea. Pembeni yake mwalimu mwanagenzi aliandika swali moja, ambalo tunaliacha pia kwa msomaji: Baada ya kubaki, umejifunza nini ambacho hukukijua ulipokuja?